Nyumba ya Vipepeo na Ulezi Usio na Sikukuu

Tulisikiapo neno makumbusho, wengi wetu hufikiri juu ya mikuki ya kale, ngoma kuukuu na mifupa iliyopangwa ndani ya kabati la kioo. Vitu hivyo havihitaji chakula wala maji. Mtunzaji aweza kufunga mlango siku ya Ijumaa, na Jumatatu akavikuta kama alivyoviacha. Lakini yako makumbusho ya sayansi ambayo hazina zake ni viumbe hai, tena vidogo mno, na humo kazi haina Jumapili wala sikukuu. Juma hili ukurasa wetu wazungumza juu ya walezi wa viumbe hao, kwani wana somo kwa kila nyumba yenye watoto, na kwa kila mtu aliyezoea kukabidhiwa zamu.

Katika mji wa Houston, jimbo la Texas, nchini Marekani, makumbusho ya sayansi ya asili yalifungua mwaka 1994 jumba kubwa la vioo. Ndani yake mna miti ya nchi za joto, maporomoko ya maji, na vipepeo warukao huru juu ya vichwa vya wageni. Mtoto aingiapo huona uzuri tu; haioni kazi iliyoutangulia uzuri huo.

Kipepeo ana maisha mafupi. Aina nyingi, zikiisha kuota mabawa, huishi majuma mawili au matatu tu. Kwa hiyo jumba lisilopata vipepeo wapya mara kwa mara hubaki na miti mitupu. Wengi wao huletwa kutoka mbali, nao husafirishwa wakiwa pupa, yaani ile hali ya ukimya iliyo kati ya kiwavi na kipepeo. Pupa hali, hanywi, wala hatembei. Hufungwa kwa pamba ndani ya sanduku na kupelekwa kwa ndege. Hata hivyo saa yake haisimami. Akicheleweshwa njiani, kipepeo hutoka gizani katikati ya pamba, mabawa yake hukauka yakiwa yamekunjamana, naye hawezi kuruka tena maisha yake yote.

Sanduku lifikapo hufunguliwa katika chumba maalumu ambacho milango yake imefungwa. Mlezi huwakagua pupa mmoja mmoja, kwa sababu wako nyigu na nzi wadogo ambao hutaga mayai katika mwili wa kiwavi au pupa, na badala ya kipepeo hutoka kundi la wadudu hao. Pupa aliyeshambuliwa huangamizwa. Wazima hutundikwa kwa safu ndani ya kabati lenye joto na unyevu. Kipepeo atokapo mabawa yake ni laini kama karatasi iliyolowa. Sharti aning'inie kwa saa kadhaa hadi yanyooke na kukauka. Mkono wenye haraka humlemaza.

Kuna na jambo la ulinzi. Kiwavi ni mla majani, na kiwavi mgeni akitoroka aweza kuharibu mashamba ya nchi nzima. Kwa hiyo Wizara ya Kilimo ya Marekani hutaka kibali kabla vipepeo wa kigeni hawajaingizwa. Katika nyumba za namna hii huwekwa milango miwili. Mmoja haufunguliwi mpaka mwingine umefungwa. Kabla ya kutoka, mgeni hujitazama katika kioo asije akamchukua kipepeo mgongoni. Askari aliyewahi kusimama langoni hahitaji kuelezwa maana ya desturi hiyo. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Pamoja na vipepeo, makumbusho mengi ya namna hii hufuga kobe, jongoo, konokono na buibui. Ulezi wao ni mambo madogo yasiyokoma: kubadili maji, kusafisha kizimba, kupima uzito, na kuandika daftarini nani amekula na nani amekataa chakula. Mnyama hawezi kusema kwamba anaumwa, kwa hiyo daftari humsemea. Mnyama mgeni hutengwa kwanza, asije akawaambukiza wenyeji. Tena kila amgusaye mnyama hunawa mikono kwa sabuni. Tangu mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wa maji wenye gamba lisilofika sentimita 10 hivi, kwa kuwa watoto waliwatia mdomoni wakapata ugonjwa wa tumbo uletwao na vijidudu vya salmonela.

Msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya ng'ambo tu. Huko Gede, karibu na Malindi nchini Kenya, mradi uitwao Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993. Wakulima waishio kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi katika vizimba vya neti na kuuza pupa kwa majumba ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Hapo kwanza wengi wao waliuona msitu ule kuwa maficho ya ndovu na nyani waharibuo mazao, wakatamani ufyekwe. Pupa walipoanza kuleta karo na unga, msitu ukawa na watetezi. Lakini riziki hiyo ni dhaifu kama bawa lenyewe. Katika vijiji vya Amani, Usambara Mashariki, wakulima nao walikuwa wakiuza pupa nje. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, biashara yao ilikatika.

Nyumbani nako somo hili lawezekana bila gharama. Tazameni majani ya mchungwa au mlimau ulio uani. Kiwavi mdogo afananaye na kinyesi cha ndege, ambaye akikua hugeuka kijani, na akichokozwa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali, ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Mwekeni ndani ya chupa pana iliyofunikwa kwa neti, pamoja na kijiti cha kupandia. Mpeni mtoto mmoja zamu ya kuleta majani mabichi ya mti ule ule kila asubuhi, yasiyopuliziwa dawa, na kutoa uchafu. Asikumbushwe kila siku. Akisahau, kiwavi aweza kufa, na mtoto atajua kwa nini.

Akishika zamu yake, kiwavi ataacha kula, atajifunga kijitini na kunyamaza majuma kadhaa. Siku atakapotoka kipepeo, mabawa yakiisha kukauka, neti ifunguliwe, aende zake.