Santuri za Nakuru: Mali Bila Daftari

Hivi majuzi nilikuwa Nakuru kwa shughuli zangu, na katika kuzungukazunguka mjini nikaona saa ya ukutani inauzwa kando ya njia. Haikuwa saa ya kawaida. Fundi alikuwa ametwaa sahani ya santuri, akalipanua tundu lake la katikati, akaitia mishale na betri, kisha akaipaka ukingo rangi ya dhahabu. Nikaisogelea nikasoma kibandiko chake. Ilikuwa santuri ya muziki wa soul, ya Wamarekani Weusi, iliyokandamizwa Nairobi katika miaka ya 1970. Nikamwuliza kijana aliyekuwa akiuza kama aliisikiliza kabla ya kuitoboa. Akacheka. "Mzee," akasema, "hii haiimbi tena. Hii ni plastiki tu."

Sikuinunua ile saa, lakini neno lile la "plastiki tu" nimerudi nalo mpaka Mombasa, na ndilo lililonishikisha kalamu leo.

Huenda vijana wakauliza soul ni kitu gani. Ni muziki uliozaliwa na Wamarekani Weusi katika miaka ya 1950 na 1960, walipochanganya uimbaji wa makanisani mwao na midundo ya dansi. Detroit kulikuwa na kampuni ya Motown, iliyoanzishwa mwaka 1959. Memphis kulikuwa na Stax. Majina ya Otis Redding, Aretha Franklin na James Brown yalifika kwetu kwa redio, kwa mabaharia na kwa maduka ya santuri, na vijana wa mijini wakaiga nyimbo, wakaiga nywele, wakaiga hata suruali pana za chini.

Wala yafaa ieleweke kwamba sisi hatukuwa wasikilizaji tu. Mombasa yetu ilimtoa Slim Ali, aliyeimba soul kwa Kiingereza pamoja na kundi la Hodi Boys. Nairobi ilitoa kundi la Matata, lililokwenda London mwanzoni mwa miaka ya 1970 likarekodi huko kwa kampuni ya President. Leo santuri zao za asili ni adimu, na wanaozisaka zaidi wako ng'ambo. Mwaka 2013 kampuni moja ya London, Soundway, ilitoa mkusanyo ulioitwa Kenya Special, wa nyimbo zetu za miaka ya 1970 na 1980. Nawashukuru kwa kazi hiyo. Lakini ni jambo la kutia haya kwamba ilitubidi tuuziwe maji ya kisima chetu wenyewe.

Siku ya pili ya safari yangu nilipelekwa kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Ana makabati mawili yaliyojaa santuri, nyingi zikiwa ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Alizianza kuzinunua akiwa kijana asiye na mke, na hakuacha hata pale kaseti ilipokuja ikaishinda santuri madukani.

Kwanza alinawa mikono, akaikausha. Kisha akaitoa sahani katika mfuko wake wa karatasi, akaishika kwa ukingo na kwa kibandiko tu, vidole visiguse mifuo. Nikajikuta nimekaa vizuri kitini. Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa namna ya kukishika chuo kabla hatujafunzwa alifu: unatia udhu, unakipokea kwa mikono miwili, unakiweka juu ya marufaa, hukitupi chini. Hasha, sikilinganishi Kitabu kitukufu na nyimbo za dansi. Nasema juu ya adabu ya mkono tu. Mtu hujulikana anathamini nini kwa namna anavyokishika.

Watu husema jina la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mwenye santuri hana sababu ya kubisha. Vumbi likiingia katika mfuo, sindano hulisaga kama jiwe lisagavyo nafaka, na kinachosagwa ni sauti yenyewe. Basi mzee wangu ana kanuni zake, nami nazieleza hapa kwa faida ya yeyote aliye na sanduku nyumbani.

Santuri husimamishwa wima kama vitabu. Hazilazwi moja juu ya nyingine, maana uzito huzipinda. Huwekwa mbali na dirisha na jiko, kwa kuwa jua la mchana mmoja latosha kuifanya sahani iwe kama chapati iliyokunjana. Kila moja huvaa mfuko wake wa ndani. Kabla ya kupigwa hufutwa kwa brashi laini kwa kuufuata mzunguko wa mifuo, si kwa kuikata. Ikichafuka sana huoshwa kwa maji safi yaliyotoneshwa tone la sabuni isiyo kali, kibandiko kikikingwa, kisha huachwa ikauke yenyewe kivulini. Na zile za kale za mizunguko 78, ambazo zilifanywa kwa ute mgumu wa wadudu wa India na si kwa plastiki, hazifutwi kwa spiriti kabisa, kwa sababu spiriti huziyeyusha. Mwisho, sindano iliyokwisha ibadilishwe. Sindano mbovu huiharibu kwa usiku mmoja santuri iliyodumu miaka 50.

"Ninyi watu wa Pwani, ustadhi," akaniambia, "adui yenu ni nani?"

Nikamjibu kuwa adui yetu ni unyevu. Hewa ya bahari huotesha kuvu, na mchwa hula karatasi. Sikumweleza yote siku ile, lakini hapa nitayaeleza.

Ami yangu alikuwa mfanyakazi wa bandari ya Kilindini, naye alikuwa na kasha la santuri. Jioni alipotoka kazini alikuwa akipiga moja mbili kwa sauti ndogo, asije akawaudhi majirani saa za sala. Alipofariki, kasha likaletwa kwetu, nami nikiwa kijana wa kaseti nikaliweka stoo chini ya bati. Mvua tatu zikapita. Nilipolifungua, mifuko ilikuwa imeshikana na sahani, mchwa wamejenga, na joto la bati limezipinda zilizobaki. Nikampa mtu wa vyuma chakavu, asitoe hata shilingi. Kosa lile ni langu, simsukumii mtu. Na linaloniuma zaidi ni kwamba mpaka leo sijui nilipoteza nini. Nakumbuka mlio wa tarumbeta na mwanamke akiimba kama anayelia. Jina lake silijui, kwani hapakuwa na orodha, na aliyejua amezikwa.

Kwa hiyo mzee wa Nakuru aliponitolea daftari lake, nalipokea kwa mikono miwili. Ni daftari la shule, la mistari. Kila santuri ina nambari, jina la mwimbaji, kampuni, mji iliponunuliwa, mwaka, bei, na mara nyingine neno moja au mawili: "siku ya mshahara", "harusi ya Gilgil". Karibu na mwisho niliona mistari mitatu imepigwa wino mwekundu, na kando yake imeandikwa: "Imeondoka." Nikamwuliza. Akasema mke wake alilazwa, na kijana mmoja anayewanunulia watu wa ng'ambo akaja. Akapitisha vidole kabati zima, akachagua tatu za soul ya hapa Kenya, akalipa fedha zilizomaliza deni la hospitali. Zilizobaki akasema hazina soko.

"Sijutii kuziuza," mzee akasema. "Mke wangu yuko jikoni, umekunywa chai yake. Najuta kwamba sikuzinakili kwanza. Sasa nina majina, sauti sina."

Nikafikiri: yeye ana majina bila sauti, na mimi nina sauti bila jina. Kila mmoja wetu ana nusu ya mali, na nusu si mali.

Miongoni mwa zile zisizo na soko zilikuwamo santuri za Kipsigis zenye kibandiko cha Chandarana, duka la muziki la Kericho lililokuwa likirekodi waimbaji wa huko na wa magharibi ya Kenya. Hizo zikanikumbusha kisa kinachopaswa kusomeshwa katika kila shule ya Bonde la Ufa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, aliwarekodi Wakipsigis wakiimba juu ya Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia. Wakalichukua jina lake, wakalitia katika ulimi wao, na kwa maelezo ya Tracey wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala. Rekodi hizo zikahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954. Katikati ya miaka ya 2010 nakala zikarudishwa kwa Wakipsigis, na baadhi ya walioshiriki mwaka ule wa 1950 wakakutwa hai, wazee, wakajisikia walipokuwa vijana.

Jambo hilo liliwezekanaje? Liliwezekana kwa kuwa Tracey alikuwa na kadi. Aliandika wimbo gani, wa kabila gani, umeimbwa wapi, mwaka gani. Bila kadi zile, sauti ingalikuwapo na mwenyewe asingalijulikana wa kumrudishia.

Wapo watakaosema kwamba soul ni ngoma ya wageni, na Mswahili mwenye taarabu yake ana haja gani ya kuililia. Nami nawajibu kwamba santuri yenyewe ilikuja na meli, na Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi. Hatukuikataa kwa kuwa ni ya kigeni. Tuliijaza maneno yetu, kama Wakipsigis walivyomjaza Chemirocha. Wengine watasema kila wimbo siku hizi uko katika simu. Si kweli. Katika simu mna nyimbo ambazo mtu fulani alizihifadhi, akazinakili, akazitia humo. Ule ambao sahani yake ya mwisho imefanywa saa ya ukutani, simu haitauleta.

Basi maoni yangu ni haya. Mwenye kasha la santuri asilitupe wala asiliuze kwa kilo. Na alifungue leo, kabla mchwa hajalifungua. Anayelazimika kuuza na auze, maana haja haina adabu, lakini anakili sauti kwanza kwa ajili ya hifadhi, si kwa biashara, maana wimbo una mwenyewe. Na kabla ya yote, aandike. Akae na baba au babu kwa jioni mbili amwulize: hii uliinunua wapi, ulikuwa na nani?

Nao wakuu wa Nakuru, mji uliopata hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 2021, wasione ni udhia tukiwaomba chumba kimoja. Hatuombi jumba. Twaomba chumba kikavu katika maktaba, rafu za kusimamisha sahani, kinanda kizima chenye sindano nzuri, na mtu mmoja mwenye daftari. Wazee wenye makabati wapo, na wengine, kama yule wangu, wako tayari kutoa. Walichokosa ni mahali pa kutolea. Nasi wa Mombasa tusicheke, kwani hatukuwatangulia kwa hilo. Na unyevu wetu hausubiri.

Niliporudi pale njiani kabla ya kupanda gari, ile saa ilikuwa imekwisha uzwa. Kijana alikuwa anatoboa nyingine. Nikamwomba walau aandike majina yaliyo kwenye kibandiko kabla hajayapaka rangi, nikamwachia kalamu yangu. Alicheka tena, lakini kalamu aliichukua.

Santuri ina sauti, ya waliotangulia,
Ifute kila wakati, vumbi lisije ingia,
Uiandike kwa hati, wajao kuangalia,
Mali bila daftari, huisha bila habari.