Futikamba ya Mama Mshonaji



Juma hili naomba mniwie radhi, sitaandika juu ya masomo ya Dominika. Nimesukumwa kuandika juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hapa Ilomba tumeuona kwa macho, lakini tunautaja kwa kunong'ona: maji kujaa kichwani mwa mtoto mchanga. Wapo wanaouita "kichwa maji". Nawasihi waliache neno hilo, kwa kuwa katika usemi wetu ni tusi, na mama mzazi hulisikia kama tusi.

Mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo, mshonaji, alikuja kwangu akiomba nimbariki mwanawe wa miezi minne. Yeye aliliona tatizo kabla ya mtu mwingine yeyote. Kofia aliyomshonea mtoto ilikataa kuingia baada ya majuma mawili. Akashona nyingine, nayo ikabana. Basi akachukua futikamba yake ya kazi, akakipima kichwa kila Jumamosi, na kuandika vipimo nyuma ya daftari la wateja. Alipompeleka mtoto kliniki, mahali ambapo sina haja ya kupataja, mtoto alipimwa uzito, ukaonekana umeongezeka, mama akapongezwa. Kichwa hakikupimwa. Mtaani nako walikwisha kuamua kwamba karogwa.

Nilimbariki mtoto, kisha nikamsihi mama aende Hospitali ya Rufaa siku ileile, na daftari lake mkononi.

Ndani ya ubongo mna vyumba ambamo maji hutengenezwa mchana na usiku, yakapita na kunyonywa tena na damu. Njia ikiziba, maji hukusanyika na kuukandamiza ubongo. Kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa hupanuka, utosi hutuna, na macho huelekea chini kana kwamba yanatafuta kitu sakafuni. Katika miezi mitatu ya mwanzo, kichwa cha mtoto mwenye afya huongezeka kama sentimita mbili kwa mwezi. Mama yule alikuwa ameandika zaidi ya hapo, tena kwa mwandiko mzuri.

Wataalamu wa ugonjwa huu hawalali. Hukutana katika mikutano ya kimataifa, husoma taarifa zao, hubishana. Mwezi Septemba 2005 walikutana Bethesda, Marekani, kutafakari njia mpya za utafiti, maana kwa miongo mingi tiba kuu ilikuwa ni mrija wa kuyatoa maji kichwani hadi tumboni, nao huziba mara kwa mara. Mwaka huohuo Daktari Benjamin Warf alichapisha matokeo ya kazi yake katika hospitali ya watoto ya CURE, iliyofunguliwa Mbale, Uganda, mwaka 2001. Katika watoto 300 wa mwanzo aliowachunguza, takriban asilimia 60 walipata ugonjwa kutokana na maambukizi. Akaonyesha kwamba wengi wangeweza kutibiwa pasipo mrija, kwa kutoboa tundu dogo ndani ya ubongo na kuunguza sehemu ya tishu zinazotengeneza maji. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa watoto 100 wa Mbale: baada ya mwaka mmoja, waliopata mrija na waliopata tundu hawakutofautiana kwa maana katika ukuaji wa akili. Mwaka 2020 watafiti walitaja bakteria wa jamii ya Paenibacillus aliyeonekana katika maji ya vichwa vya baadhi ya watoto wa huko.

Kwa hiyo siwezi kuidharau mikutano hiyo. Jirani zetu wa Mbale wameifundisha dunia. Ninachouliza ni nani anayeitwa kuketi mle ndani. Mrija wenyewe ulipata vali ya kuaminika mwaka 1956 huko Philadelphia kwa mkono wa John Holter, fundi mitambo ambaye mwanawe alikuwa na ugonjwa huu. Hakuwa daktari. Alikuwa baba, tena fundi, aliyeona shida ya mtoto wake ikifanana na shida za kiwandani. Sioni kwa nini mshonaji wa Ilomba awe na machache ya kuwaambia madaktari kuliko yeye.

Tena yapo maazimio yanayopita juu ya vichwa vyetu. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, Geneva, uliyahimiza mataifa yaongeze virutubisho katika vyakula, hasa asidi ya foliki, ili kuzuia mgongo wazi, ambao mara nyingi huja pamoja na maji kichwani. Nchi yetu ilikwisha kutunga kanuni za kuongeza virutubisho katika unga tangu mwaka 2011. Vema. Lakini sisi wa Mbeya tunalima mahindi yetu wenyewe na kuyasaga kwenye mashine ya mtaani, ambako hakuna anayeongeza chochote. Na mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Azimio hilo nani analileta mashineni? Nani analieleza kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa na Kisafwa, katika mafundisho ya wachumba? Nakiri kwamba katika mafundisho yangu mwenyewe halikuwamo hadi mwaka huu.

Mtoto yule alipewa rufaa kwenda MOI, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800, akawekewa mrija. Anaishi, anacheka. Daktari alilipekua daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha akamwambia mama kwamba kama vipimo vile vingalisomwa miezi miwili mapema, huenda macho ya mtoto yangaliona vizuri zaidi.