Bawabu Asiyejua Wageni Wake
Nyuma ya fomu nyingi za kujisajili amesimama bawabu: ruwaza, yaani mstari wa alama unaopima kama ulichoandika kina sura ya anwani ya baruapepe. Bawabu huyu ni mkali pasipostahili. Humfukuza mwenye alama ya kujumlisha kabla ya @, ingawa kanuni za baruapepe za RFC 5322 za mwaka 2008 zinairuhusu, na hukataa anwani inayoishia na .museum kwa kuwa aliambiwa mwisho wa anwani hauzidi herufi 4. Papo hapo, nukta isiyotanguliwa na mkwaju wa nyuma kwake ni herufi yoyote, basi asiyefaa anapenya. Waandishi wa programu, hakikisheni @ ipo, kisha tumeni ujumbe wa uthibitisho. Mwenye nyumba hujulikana kwa kuitikia hodi.