Pua inawasha, sikio linaziba!

Wiki hii nawageukia watu wa aleji. Namsema yule ambaye belo la mitumba likifunguliwa tu pale Karume, au vumbi likitimka Msimbazi, basi tena: chafya mfululizo, kamasi chepechepe, macho mekundu.

Hilo la pua wengi tunalijua. Tusilolijua ni kwamba baada ya pua, kibao kinahamia sikioni. Sikio linaziba, linalia 'tap' ukimeza mate, watu unawasikia kama uko ndani ya pipa. Jamaa yangu mmoja muuza mashati karibu wazichape: mteja kasema elfu nne, yeye kasikia elfu nane, kashamfungia!

Iko hivi. Nyuma ya pua kuna kamrija kembamba kanakokwenda hadi nyuma ya ngoma ya sikio kupitisha hewa. Ukimeza mate au kupiga miayo kanafunguka, ndiyo maana ndege ikishuka abiria wazoefu wanamung'unya pipi. Aleji ikivimbisha pua, na kamrija kanavimba. Hewa haipiti, ngoma inavutwa ndani, na mara nyingine majimaji yanatuama huko.

Sasa sisi watu wa mjini tuna mambo! Sikio likiziba tu, mtu huyoo, na kijiti cha pamba, unyoya wa kuku au njiti ya kibiriti. Ndugu yangu, unagonga mlango siyo! Tatizo liko upande wa pili wa ngoma. Chokonoa mpaka jioni, utaambulia kuitoboa.

Anza na pua. Jifunge kitambaa belo likifunguliwa, safisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, muulize mfamasia dawa ya aleji. Nyingine zinaleta usingizi, madereva mpo? Likitoa usaha, likiuma sana au likiziba wiki kadhaa, muone daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili wapo. Sikio likifa ghafla, nenda siku hiyo hiyo.

Linaloniuma zaidi ni watoto. Kamrija kao ni kafupi na kamelala, kanaziba kirahisi. Mtoto anaitwa mara tatu haitiki, darasani anaambulia nusu, mtaani anapewa jina: "Huyu hasikii!" Halafu bakora. Kumbe mwenzenu hasikii kweli! Wazazi, kabla ya fimbo, mpelekeni akapimwe masikio.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.