Kitambi Kisisifiwe, Mnene Asilaumiwe

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, hupanda ngazi za nyumba yetu akisimama kila baada ya vidato vitatu kuvuta pumzi, kikapu cha sokoni mkono wa kushoto, na wa kulia ameukandamiza juu ya goti linalomwuma, na aghalabu hukutana na mtu wa kumwambia, "Mashaallah, mama, umenawiri!" Husemwa hivyo kwa mapenzi, maana tumezoea tangu zamani kuuhesabu unene kuwa ushahidi wa riziki na raha ya ndoa, na kukonda kuwa dalili ya dhiki, walakini mama huyo amekwisha kupimwa akaonekana ana kisukari na shinikizo la damu, maradhi ambayo unene huyaalika, kama unavyoyaalika ya moyo, kiharusi na baadhi ya saratani.

Wapo na wengine, wakali zaidi, wanaomsengenya kuwa ni mlafi asiyeweza kuuzuia mkono wake sahanini. Dhana hii naikataa kabisa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipokuwa wakichunguza panya wanene kupita kiasi, waligundua jeni ya homoni iliyokuja kuitwa leptini, ambayo hutengenezwa na mafuta yenyewe ya mwili, ikachukuliwa na damu hadi ubongoni kuarifu kuwa akiba ingalipo. Panya wale hawakuwa nayo, basi wakala daima kama wenye njaa. Kwa wanadamu upungufu huo ni nadra mno, na wanene walio wengi wana leptini tele ambayo ubongo hauitii tena ipasavyo. Lakini mtu akipungua uzito, leptini hushuka, njaa humzidia, na mwili huanza kutumia nguvu kidogo kuliko kwanza, ukidai kurudishiwa ulichopoteza. Ndiyo maana mtu hujinyima miezi mitatu akapungua, kisha mwaka haujesha amerejea alikokuwa, naye hujilaumu kwa taksiri isiyokuwa yake.

Na mwili huu, ambao tabia yake ni kuilinda akiba, tumeuweka katika miji ya kazi za kukaa kitako, daladala karibu na mlango, chipsi mayai kila pembe ya njia, na soda ambayo chupa yake ya nusu lita aghalabu ina sukari ipatayo gramu 50, yaani zaidi ya vijiko kumi vya chai, nasi twawanunulia watoto kwa kuwaenzi! Uzito usiopatikana utotoni hauhitaji kupigwa vita ukubwani, na hapo ndipo juhudi zetu zingalipaswa kuanza.

Msomaji, azima futi ya fundi cherehani ujipime kiuno, na kikizidi nusu ya kimo chako, nenda ukapimwe sukari na shinikizo la damu wala usingoje kuumwa. Na ukimkuta ngazini mtu kama jirani yangu, mpokee kikapu.