Rangi Mpya, Fremu Iliyopinda

Pikipiki iliyofutwa na bima kwa sababu ya ajali, ikanyooshwa fremu kwa nyundo na kupakwa rangi, si chombo cha usafiri, ni mtego. Wako wasemao kwamba biashara ni hiari, mnunuzi afumbue macho. Huo ni upotofu! Ataonaje ufa uliozibwa makusudi asiuone? Barabara kuu ipitayo Mikumi, yenye malori yaendayo Zambia na wanyama wavukao, haisamehe usukani uvutao upande mmoja. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 yakataza chombo kibovu barabarani. Basi muuzaji afichaye ajali ni mnyonyaji. Ndugu mwalimu wa Kilosa, linganisha namba ya fremu na kadi, nenda na fundi wako. Muuzaji akikataa, rudi na fedha zako.