Nani aliwaambia waini nyeupe haizeeki?

Juzi mtu kwa meza aliniambia waini nyeupe ya miaka nane ni ya kumwagwa. Wasee, hiyo imani mliitoa wapi?

Chupa yenyewe ilikuwa Timorasso, kutoka vilima vya Tortona, Piemonte, Italia. Rangi ya dhahabu. Harufu ya asali na, kwa mbali, mafuta ya taa. Ndio, mafuta ya taa, na ni poa! Mdomoni bado ina ukali wa ndimu. Miaka haijaichosha, imeikomaza.

Na hii zabibu ilibaki kidogo tu ipotee. Ni sumbufu, mavuno yake si ya kutegemea, kwa hivyo wakulima waliiacha wakapanda Cortese na Barbera. Miaka ya 1980, Walter Massa wa kijiji cha Monleale akaikazania. Leo majirani zake wanaipanda pia.

Kilichotaka kuimaliza ni haraka kama hii yenu: kitu kikichelewa, mnasema hakifai. Kama umefika 18 na unakunywa, toa barafu, acha glasi ipoteze baridi kidogo, onja polepole. Halafu uniambie tumwage nini.